Treni zaidi haziongezi nafasi kila mara

Wengi huamini kwamba metro, yaani treni za abiria za mjini, ikijaa kupita kiasi, dawa ni kununua treni. Ni kweli, mpaka reli yenyewe ifike kikomo. Uwezo wa njia ni abiria wa treni moja mara treni zinazopita kwa saa, na idadi hiyo hubanwa na sehemu moja finyu: kituo chenye watu wengi, mahali pa kugeuzia treni, au reli zinapokutana. Addis Ababa, njia mbili za treni nyepesi zilizofunguliwa 2015 hutumia reli zilezile katikati ya jiji, hivyo treni ya njia moja hula nafasi ya nyingine. Njia ya Victoria ya metro ya London, isiyotumia reli pamoja na njia nyingine, hufikisha treni 36 kwa saa.

Pima mwenyewe asubuhi, kwenye kituo kinachojaa kuliko vyote: hesabu sekunde tangu milango ifunguke hadi ya treni inayofuata ifunguke, kisha gawanya 3600 kwa jibu. Sekunde 120 ni treni 30 kwa saa. Abiria wakisukumana mlangoni sekunde 20 zaidi, zinabaki 25. Ukipata sekunde 300, huenda kweli treni ni chache.

Tazama pia uwezo wa behewa umehesabiwaje. Mita za mraba 50 za kusimama ni watu 200 kwa wanne kila mita, 300 kwa sita. Behewa ni lilelile.