Je, wajua kwa nini mwanga wa kuchomelea vyuma huumiza macho usiku na si mchana?

Fundi wa mageti kule Magongo, Mombasa, hufunga kazi jioni macho yakiwa hayana neno. Anapanda matatu, anafika kwake, anakula, analala. Saa saba za usiku anashtuka usingizini akidhani kuna mtu amemmwagia mchanga machoni. Machozi yanatiririka, kope hazitaki kufunguka, hata mwanga wa simu unamchoma. Asubuhi akionekana karakana amevaa miwani ya jua na kuinamisha kichwa, wenzake hawana haja ya kuuliza. Amepigwa na mwanga.

Kinachowatatiza wengi ni zile saa za katikati. Mtu akishika chuma cha moto huungua papo hapo na kupiga kelele papo hapo. Iweje jicho lidhurike saa nane mchana, lije kulalamika usiku wa manane?

Ni kwa sababu jicho halikuunguzwa na joto. Rodi inapogusa chuma kisha ikainuliwa kidogo, umeme huruka hewani, na katika mwanya ule wa milimita chache joto hupita nyuzi 5,000 za Selsiasi. Uso wa jua lenyewe ni nyuzi 5,500 hivi. Kitu chenye moto wa namna hiyo hakitoi mwanga wa kuonekana peke yake. Hutoa pia miale ya infraredi, ile tunayoihisi usoni kama joto, na miale ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haisikiki mwilini. Jua nalo hutoa urujuanimno, lakini ile sehemu yake kali kabisa huzuiwa na tabaka la ozoni huko juu, haitufikii. Baina ya fundi na rodi yake hakuna ozoni. Pana hewa ya urefu wa mkono tu.

Miale hiyo hukutana kwanza na konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Konea ni kitu cha ajabu kidogo. Unene wake ni kama nusu milimita, haina mishipa ya damu, na oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi. Lakini imejaa neva, kiasi kwamba ni vigumu kupata sehemu nyingine ya mwili iliyo nyepesi kuhisi maumivu kama hiyo. Juu ya neva hizo pana ngozi nyembamba sana, tabaka tano hadi saba za seli, basi. Urujuanimno huharibu vinasaba vya seli hizo, na seli iliyoharibiwa hivyo haifi palepale. Huendelea kwa saa kadhaa kana kwamba hapana kilichotokea, kisha huanza kuvimba, kufa na kubanduka, nyingi kwa pamoja. Neva hubaki wazi, na kila ukipepesa jicho, kope huzisugua. Huo ndio mchanga anaousikia fundi. Hakuna mchanga wowote, hata akinawa ndoo nzima ya maji.

Kwa kawaida maumivu huanza baada ya saa 6 hadi 12, na huwahi zaidi kama mtu alipigwa sana. Mtalii mweupe anayejilaza ufuoni Nyali mchana kutwa huonja jambo hilohilo kwenye ngozi: adhuhuri anacheka, jioni mgongo umeiva na hataki kuguswa.

Habari njema ni kwamba seli hizo huota upya, na wengi hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa maoni yangu habari njema hii ndiyo imewaponza mafundi wetu. Mtu akishaumwa na kupona mara kadhaa huanza kuiona kama sehemu ya kazi, mfano wa malengelenge ya mkononi. Utamsikia akisema, "Mimi nimezoea, nafumba jicho tu nikigusa rodi." Sasa mtazame kwa karibu anapounda fremu ya dirisha. Kwanza anashikiza pembe nne kwa vidoa vidogo ili fremu isipinde. Mkono mmoja umeshika chuma, wa pili umeshika rodi, kwa hiyo ngao ya uso iko chini. Anaangalia mahali pa kugusa, anagusa, ndipo anafumba. Kope zake zimechelewa kidogo, na mwanga haungoji. Kwa fremu moja hilo si kitu. Lakini urujuanimno wa siku moja hujumlishwa na konea, kimwako juu ya kimwako, na fundi wa grili za madirisha hushikiza vidoa vingi kabla ya adhuhuri.

Anayeumia zaidi mara nyingi si fundi mwenyewe, ni kijana anayemshikia chuma. Fundi ana ngao. Kijana ana mkono wa kujikinga uso na udadisi wa kutaka kujifunza. Miale pia hurudi. Bati jipya, ukuta uliopakwa chokaa, mlango wa alumini, vyote huirusha hadi ikaingia jichoni kwa ubavuni. Ndiyo maana mtu anaweza kuipa kazi mgongo na bado akaumwa usiku. Umbali husaidia sana: ukisimama mita mbili badala ya moja, mwanga unaokufikia ni robo tu. Karakana zetu nyingi ziko kandokando ya barabara, Kongowea na Changamwe, ambako watoto wa shule husimama kushangaa cheche. Turubai au bati kuukuu lililosimamishwa upande wa barabara lingewakinga, na halina gharama.

Sasa tuje kwenye miwani, maana hapa ndipo penye kosa kubwa. Wengi huamini kwamba kinachokinga ni weusi. Kumbe miwani nyeupe ya polikaboneti, ile ya kuonea kabisa wanayovaa watu wa grinda, huzuia karibu urujuanimno wote ingawa haina weusi wowote. Nayo miwani nyeusi ya bei ya barabarani, kama kioo chake hakichuji urujuanimno, humfungulia adui mlango: giza lake huifanya mboni ipanuke, na miale hupita kwa wingi zaidi, mbali na ile inayoingia kwa pembeni.

Basi weusi wa kioo cha ngao ni wa nini? Ni kwa ajili ya nyuma ya jicho. Mwanga unaoonekana, hasa wa buluu, pamoja na sehemu ya infraredi, hupenya konea na lenzi hadi kwenye retina. Retina haina neva za maumivu. Ikiungua haitakuamsha usiku. Utakuja kugundua kwamba katikati ya unachotazama pana doa ambalo haliondoki, na pengine halitaondoka tena. Kwa hiyo polikaboneti peke yake haitoshi kutazama moto, na miwani ya jua ndiyo haitoshi kabisa. Vioo vya kuchomelea huandikwa namba. Kwa kazi ya gesi, namba 5 hivi hufaa. Kwa umeme, rodi nyembamba ya milimita 2.5 hutaka namba 10, ya milimita 3.2 hutaka 10 au 11, na umeme ukiongezwa zaidi, 12. Namba huwa imechapwa pembeni mwa kioo. Kisichokuwa na namba, mwachie muuza duka. Filamu ya eksirei na kioo kilichofukizwa moshi havina namba pia.

Zile ngao zinazojitia giza zenyewe moto ukiwaka huwatia watu shaka: je, kabla haijawa nyeusi, jicho halijapigwa? Halijapigwa, kama ngao ni ya kweli. Kichujio cha urujuanimno na infraredi hakiwaki wala kuzimika, kipo muda wote hata betri ikiisha. Kinachobadilika ni weusi tu, nao hubadilika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Faida yake kubwa ni kwamba haina haja ya kuinuliwa na kuteremshwa, kwa hiyo mchezo wa kufumba jicho wakati wa kushikiza unakwisha. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwenye sekta ya jua kali, haya, mwajiri na mwajiriwa mara nyingi ni mtu yuleyule.

Na aliyekwisha kupigwa afanye nini? Mitaani ataambiwa adondoshe maziwa, aweke kiazi kibichi au majani ya chai. Ubaridi kweli hutuliza, lakini konea iliyobanduka ngozi si mahali pa kupeleka viini vya jikoni. Kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, chumba chenye giza na dawa ya kawaida ya maumivu vinatosha kumfikisha asubuhi. Asisugue. Na akienda kliniki, atapewa tone la ganzi ili daktari aweze kumchunguza, na maumivu yatapotea ndani ya dakika moja. Tone hilo asilitafute dukani ili aende nalo nyumbani. Likitumiwa tena na tena huchelewesha konea kupona na linaweza kuitia kidonda.

Amweleze daktari pia kama alitumia grinda siku hiyo. Chembe ya chuma iliyojichoma kwenye konea huleta hisia ileile ya mchanga, ila yenyewe haiponi kwa kulala. Huanza kuota kutu mlemle jichoni. Ikiwa linalouma ni jicho moja tu, ishuku chembe kwanza, maana mwanga kwa kawaida hupiga yote mawili. Chembe hiyo hutolewa kliniki chini ya darubini. Rafiki mwenye ncha ya leso au kijiti cha kiberiti, hata awe na mkono mwepesi namna gani, ashukuriwe na aambiwe akae mbali.