Kubadilisha laini hakuifichi simu

Huku Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani na Rwanda, utasikia mtu akijigamba: "Nimezima GPS, nimetupa laini ya zamani, sasa nani atajua niko wapi?" Kampuni ya simu itajua. GPS hupokea ishara za setilaiti tu, kampuni haiihitaji. Simu ikiwaka hujitambulisha kwa antena iliyo karibu, na kampuni huona ni antena ipi. (Ndiyo maana hapa mpakani unashtukia ujumbe wa kukukaribisha Rwanda, nawe hata bariera hujaikaribia!) Laini mpya je? Simu yenyewe ina namba yake ya tarakimu 15, IMEI. Bonyeza *#06# uione. Ukiweka laini nyingine namba hiyo haibadiliki, na mtandao huisoma. Ila antena huonyesha eneo, si mlango wa nyumba yako.