Duka dogo la hobi (magari ya rimoti na modeli) na muuzaji wa ng'ambo: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Bei ya dukani ikiwa juu, mwenye duka anawakamua wateja.

Mteja ananyoosha simu juu ya kaunta: mota ya gari la rimoti kwa muuzaji wa ng'ambo, nusu ya bei iliyobandikwa rafuni. Anaamini nusu ya pili inaingia mfukoni mwa mwenye duka. Kumbe mara nyingi bei hiyo ya kwenye simu iko chini hata ya bei ya jumla aliyotozwa mwenye duka na wakala. Hapo bado kodi, pango, na mtaji uliolala: rangi za modeli zinazokaukia chupani, gia za saizi tano ambazo moja tu ndiyo inayotoka.

Dhana: Ng'ambo bei ni nafuu kwa sababu ya ujira mdogo tu.

Ujira una sehemu yake, lakini kanuni nazo zimechangia sana, na hili halisemwi vya kutosha. Katika utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, posta inayotuma huilipa posta inayopokea. Kwa miaka mingi nchi zilizohesabiwa kuwa zinaendelea, China ikiwemo, zililipa viwango vya chini. Ndiyo maana pakiti ndogo iliweza kuvuka bahari kwa nauli ndogo kuliko ya kuituma ndani ya nchi inayoipokea. Marekani ilitishia kujitoa mwaka 2018, na Septemba 2019 mkutano wa Geneva ukaafiki mabadiliko.

Kodi nayo ni hivyohivyo. Hadi Julai 2021, nchi za Umoja wa Ulaya ziliweza kusamehe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa vifurushi vya hadi yuro 22. Marekani ilisamehe ushuru wa vifurushi vya hadi dola 800 kuanzia 2016, ikausitisha msamaha huo kwa nchi zote Agosti 2025. Mwenye duka aliyeingiza katoni nzima ya bidhaa zilezile hakusamehewa kitu. Huo haukuwa ushindani wa haki.

Dhana: Sheria zikibadilika, maduka yamepona.

La. Wauzaji wakubwa wa ng'ambo huweka maghala karibu na wanunuzi, hivyo hawategemei tena vifurushi vidogo vya posta.

Dhana: Dawa ni kushusha bei.

Hapa ndipo wengi wanapokufa mtaji. Chukua kitu cha 100 chenye faida ya 30. Ukipunguza bei kwa asilimia 10, faida inabaki 20. Uliyekuwa unauza 10 sasa lazima uuze 15 ili upate kilekile, na wa ng'ambo bado yuko chini yako. Afadhali nguvu ziende kwenye vitu visivyoweza kungoja wiki tatu: beringi, gia, skrubu, gundi, pamoja na matengenezo yanayolipiwa.

Dhana: Ushauri wa dukani ni maneno matupu.

Tazama betri ya LiPo (lithiamu-polima), ya kuchajiwa, inayotumika kwenye magari ya rimoti. Seli ikijaa inafika volti 4.2. Ikishuka chini ya volti 3 huanza kuharibika, na ya kuwekwa kabatini muda mrefu huachwa karibu na volti 3.8. Iliyovimba haichajiwi tena kabisa, kwani inaweza kuwaka moto. Muuza duka anaipima mbele yako, seli moja moja, na kukuonyesha ipi imechoka. Anayekuja kujifunza hayo kisha akaagiza betri kwingine amechukua kazi ya mtu bila kuilipa.