Je, Wajua Kwa Nini Wataalamu wa Mipangomiji Hawawezi Kufanya Kazi Bila Kukutana?

Mpango kabambe wa jiji, yaani mpango mkuu unaoelekeza matumizi ya ardhi ya jiji zima, huandaliwa kwa miaka michache, hupangiwa muda wa utekelezaji wa miaka ipatayo 20, na alama zake hubaki ardhini kwa muda unaozidi umri wa mtu aliyeuchora. Daktari aliyekosea dozi huweza kuliona kosa lake ndani ya wiki, lakini mtaalamu wa mipangomiji aliyechora barabara nyembamba kuliko inavyohitajika mara nyingi huwa amestaafu, amehamishwa au amefariki, siku wakazi wanapovunjiwa nyumba ili barabara hiyo ipanuliwe. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo wengi hujiuliza wanaposikia kwamba wataalamu hawa wana bodi zao, vyama vyao, makongamano yao na hata siku yao maalumu duniani: kwa nini kazi inayoonekana kuwa ya kuchora ramani iwalazimu watu kusafiri mamia ya kilomita na kukaa pamoja kwa siku kadhaa? Wanakutana kwa sababu taaluma yao, kwa jinsi ilivyo, haina njia nyingine ya kujifunza kutokana na makosa yake.

Mji wa Zanzibar ni ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1923, Henry Vaughan Lanchester, msanifu majengo kutoka Uingereza, aliuandalia mji huo mpango wake wa kwanza, wakati ambapo Mji Mkongwe na Ng'ambo vilikuwa vimetengwa na hori ya bahari ambayo baadaye ilifukiwa. Mwaka 1958, bado chini ya ukoloni, Henry Kendall na Geoffrey Mill walileta mpango wa pili. Mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi, wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakiongozwa na Hubert Scholz walichora mpango wa tatu, ambao uliigeuza Ng'ambo kuwa kitovu cha mji mpya, na ambao kumbukumbu yake iliyo wazi zaidi hadi leo ni yale majengo marefu ya ghorofa ya Michenzani yaliyopangwa kufuata barabara mbili kuu zinazokutana. Mwaka 1982 ukaja mpango wa nne, safari hii kutoka kwa wataalamu wa China.

Mipango minne ndani ya miaka isiyofika 60, na kila mmoja ulitoka katika nchi nyingine au zama nyingine, ukiwa na lugha yake, vipimo vyake na imani yake kuhusu mji unavyopaswa kuwa. Waliochora mpango mmoja hawakuwapo kuwaeleza waliochora uliofuata ni pendekezo gani lilishindikana, ni mtaa gani ulikataa kuhama, au ni bomba gani halikuwahi kulazwa ingawa ramani ilionyesha kwamba lipo. Wakati huo wote sehemu kubwa ya Ng'ambo iliendelea kujengwa na wenyeji wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa taratibu zao za kugawana ardhi na kuachiana njia, na ujuzi huo haukuandikwa katika mpango wowote kwa uzito unaostahili. Mimi naamini kwamba hasara kubwa zaidi ya Zanzibar katika karne iliyopita upande wa mipangomiji ilikuwa kukosa watu wa kudumu wa kuikumbuka mipango hiyo na kuihoji, kuliko upungufu wa mpango wowote mmoja.

Dar es Salaam nayo ina historia inayofanana. Mpango wa mwaka 1949 uliandaliwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, ule wa 1968 na ule wa 1979 iliandaliwa na kampuni za Kanada, kisha jiji likakua kwa miongo kadhaa bila mpango kabambe mpya hadi ulipokuja ule wa 2016 hadi 2036. Mpango wa 1949 uliyagawa maeneo ya makazi kwa msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, na mgawanyo huo ulifuata rangi za watu: viwanja vikubwa vyenye bustani kwa Wazungu, vya kati kwa Wahindi, vidogo kwa Waafrika. Ubaguzi ule uliondoka na ukoloni, lakini madaraja yale matatu ya msongamano yamebaki. Hadi sasa mchoro wa mipangomiji huainisha viwanja kwa namna hiyohiyo, madalali hutangaza kwa namna hiyohiyo, na kijana anayehitimu chuo leo huyakuta madaraja hayo kwenye kanuni kama jambo la kawaida lisilo na asili. Urithi wa aina hiyo haufutwi na afisa mmoja aliyeko ofisini kwake, hata akiwa na uchungu nao kiasi gani, kwa sababu yeye analazimika kufuata kanuni zilizopo; kinachoweza kuugusa ni mjadala wa wataalamu wengi wanaokubaliana kwamba kigezo fulani kimepitwa na wakati, kisha wakapeleka hoja hiyo kwa wenye mamlaka ya kubadilisha kanuni.

Ili mjadala huo uwezekane, ilibidi kwanza wapatikane wataalamu wa hapa hapa. Nchini Tanzania chimbuko lao kubwa ni taasisi iliyoanza mwaka 1956 kama shule ya mafunzo ya upimaji ardhi, ikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kuwa Chuo Kikuu Ardhi kinachojitegemea mwaka 2007. Mwaka huohuo wa 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Mipangomiji na, pamoja nayo, sheria ya usajili wa wataalamu wa mipangomiji, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili na kusimamia mwenendo wao. Kenya ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 1996 ya usajili wa wapangaji. Usajili humfanya mtaalamu awajibike kwa jina lake: saini yake ikionekana kwenye mchoro, kuna chombo kinachoweza kumwita ajieleze, na kuna wenzake wenye ujuzi uleule wanaoweza kupima kama alichofanya kinalingana na maadili ya kazi. Bila jumuiya ya wenzake, saini hiyo ni wino tu.

Upweke wa kikazi nao unastahili kutazamwa kwa makini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliipa kila kaunti, miongoni mwa kaunti 47, jukumu la kupanga matumizi ya ardhi yake, na sheria ya mwaka 2019 ikazitaka kaunti ziwe na mipango ya kipindi cha miaka 10. Nchini Tanzania, kila halmashauri ni mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Katika halmashauri za pembezoni idara nzima huweza kuwa na watu wachache mno, na afisa mipangomiji huyohuyo ndiye anayechora, anayekagua vibali vya ujenzi, anayesuluhisha ugomvi wa mipaka na anayeandika taarifa ya robo mwaka.

Tuchukue mchoro mmoja wa kawaida ambao afisa wa namna hiyo angeweza kuubeba kwenda nao kwenye mkutano. Kwenye karatasi kuna vitalu vya viwanja vyenye namba, barabara za mtaa, eneo la shule ya msingi, eneo la wazi lililopakwa kijani, na ukanda wa hifadhi ya barabara kuu. Mpima anapokwenda na vifaa vyake kusimika mawe ya mipaka, anakuta kwamba kwenye eneo la wazi kuna nyumba sita zenye watu, msikiti mmoja na kisima. Zilijengwa kati ya siku picha ya anga ilipopigwa na siku mchoro ulipoidhinishwa. Sheria inampa afisa njia zake: kurekebisha mchoro, kulipa fidia, au kuwaondoa wavamizi. Lakini sheria haimwambii ni njia gani iliyofanya kazi katika wilaya ya jirani, ni kwa gharama gani, na ni kosa gani la kiutaratibu lililoiburuza halmashauri hiyo mahakamani. Anayeyajua hayo ni mwenzake aliyepitia jambo lilelile, na kwa kawaida atayasema kwa uwazi akiwa ameketi naye ana kwa ana, kuliko atakavyoyaandika kwenye taarifa inayokwenda kwa mkurugenzi.

Mchoro huohuo, hata ukiwa sahihi kabisa, hauwezi kutekelezwa na aliyeuchora. Barabara kuu ziko chini ya wakala mmoja, za mtaa chini ya wakala mwingine, maji chini ya mamlaka ya maji, umeme chini ya shirika la umeme, na shule chini ya idara ya elimu, na kila mmoja wao ana bajeti yake na kalenda yake. Ndiyo maana kongamano la mipangomiji linalowaalika wataalamu wa mipangomiji peke yao huwa limepoteza nusu ya faida yake kabla halijafunguliwa. Niseme pia, kwa heshima, kwamba makongamano mengi yetu hutumia muda mwingi mno kwenye hotuba za ufunguzi na muda mdogo mno kwenye ziara za mitaani, ilhali saa mbili za kutembea na ramani mkononi, mkilinganisha mstari na mfereji, hufundisha zaidi ya siku nzima ya mawasilisho ukumbini.

Hitaji hili si la Afrika peke yake. Siku ya Mipangomiji Duniani, inayoadhimishwa tarehe 8 Novemba, ilianzishwa mwaka 1949 na Carlos María della Paolera, profesa wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires nchini Argentina, ambaye miaka 15 kabla ya hapo alikuwa amebuni nembo ya taaluma hii yenye rangi tatu: manjano ya jua, kijani cha mimea na buluu ya hewa. Mwaka 1965 iliundwa ISOCARP, jumuiya ya kimataifa ya wapangaji wa miji na mikoa, na mwaka 1971 ukaundwa umoja wa wapangaji wa nchi za Jumuiya ya Madola. Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hiyo, kwani shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lina makao yake Nairobi, na Kongamano la Miji Duniani lilifanyika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Lilizunguka dunia kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi barani, mjini Cairo, Novemba 2024, likiwa limegeuka mkusanyiko wa watu zaidi ya 20,000.

Ukubwa huo una uzuri wake, lakini mageuzi yaliyogusa namna vijana wetu wanavyofundishwa yalitoka katika umoja mdogo zaidi: ule wa vyuo vya Afrika vinavyofundisha mipango, ulioanzishwa mwaka 1999. Walimu wa vyuo hivyo waliona kwamba walikuwa wanafundisha viwango vilivyotungwa kwa ajili ya miji ya Ulaya kwa wanafunzi ambao wangekwenda kufanya kazi katika miji ambayo wakazi wake wengi wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Mwaka 2010 umoja huo ulikubaliana na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa makazi duni kwamba wanafunzi wafanye mafunzo ya vitendo ndani ya makazi hayo, wakihesabu nyumba na kuchora ramani pamoja na wenyeji. Huko Nairobi, wanafunzi na walimu walishirikiana na wakazi wa Mathare kwa njia hiyo.

Ushirikiano wa aina hiyo ulifika mbali zaidi Mukuru, eneo jingine la makazi duni mashariki mwa Nairobi. Agosti 2017, serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake wa pekee. Zaidi ya mashirika 40, yakiwemo vyuo vikuu, wanasheria, wahandisi, wataalamu wa afya na vikundi vya wakazi, yaligawana kazi kwa sekta, yakakutana mara kwa mara ili mpango wa maji usigongane na mpango wa barabara, huku kaya zipatazo laki moja zikipangwa katika vikundi vidogo vya kaya kumi kumi ili kila kikundi kiwe na mtu wa kukisemea. Tafiti zilizotangulia tangazo hilo zilikuwa zimeonyesha kwamba wakazi wa Mukuru walilipia maji na umeme kwa bei kubwa kuliko wakazi wa mitaa rasmi ya jiji hilohilo, na ni wakazi wenyewe waliosaidia kukusanya takwimu hizo. Kuanzia mwaka 2020, barabara na mabomba ya majitaka yalianza kujengwa.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021, ndani ya eneo hilohilo lililotangazwa, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao ili kupisha barabara ya kuunganisha maeneo ya jiji. Mikutano ya miaka minne ilikuwa imewakutanisha watu wengi mno, na bado uamuzi mmoja mzito ulitekelezwa nje ya meza yao. Kwa wataalamu wa mipangomiji wanaoandaa mkutano ujao, popote utakapofanyika, orodha ya waalikwa inastahili kuanzia kwa wale wenye uwezo wa kuleta tingatinga.