Spektroskopia ya infraredi: kupima rojo la mbao kwa mwanga

Chana kipande cha mfuko wa saruji ukitazame. Rangi ile ya kaki haikupakwa. Kwa sehemu kubwa ni lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Kiwanda cha karatasi kama cha Mgololo, Mufindi, hupika vipande vya mti wa msindano kwa kostiki (magadi makali ya kiwandani) na sulfidi ya sodiamu, joto likifika nyuzi za Selsiasi 160 hadi 170 hivi. Lignini nyingi huyeyuka, likabaki rojo la nyuzi. Anayesimamia upishi anataka kujua jambo moja: imebaki kiasi gani?

Spektroskopia ya infraredi hujibu kwa mwanga. Infraredi ni mwanga usioonekana, ulio ng'ambo ya wekundu wa upinde wa mvua. William Herschel aliugundua mwaka 1800. Bondi zinazounganisha atomi hazitulii. Hunyumbuka na kupinda, kila aina kwa mdundo wake, na mwanga wenye mdundo huohuo ukipita, humezwa. Mashine huchora kilichomezwa. Mchoro huo ndio spektra, nao husomwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja.

Mimi huanza kutazama 1,510. Hapo humeza pete za kaboni za lignini, na kwa kuwa selulosi na hemiselulosi, sehemu nyingine kuu za mbao, hazina pete hizo, kilele hicho, ingawa ni kifupi, hakichanganyikani na chao. Cha 1,735 kinahitaji uangalifu zaidi. Katika mbao mbichi ni alama ya asetili, vikundi vidogo vya atomi vilivyoning'inia kwenye hemiselulosi. Katika rojo lililopikwa kwa kostiki hutoweka. Asiyejua atasema hemiselulosi imekwisha. Siyo! Kostiki imekata asetili tu, na sehemu ya hemiselulosi bado imo.

Upimaji wenyewe ni mwepesi: unabana kipande cha rojo juu ya kijiwe cha almasi, unakaza skrubu, na baada ya dakika moja au mbili spektra iko kwenye kompyuta. Lakini kausha kwanza. Maji humeza sana karibu na 1,640 na 3,400, na rojo bichi litakuonyesha maji kuliko nyuzi.

Mashine haizaliwi ikijua asilimia. Hufundishwa kwa sampuli zilizokwisha kupimwa namba ya Kappa, kipimo cha zamani ambacho rojo huchanganywa na pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau, kuona lignini imeitumia kiasi gani. Kappa 30 ni takriban lignini asilimia 4.5. Na ukiifundisha kwa msindano peke yake, usiipe rojo la mkaratusi: lignini ya msindano huonekana zaidi karibu na 1,270, ya mkaratusi ina kilele kingine karibu na 1,330, na jibu utakalopewa halitakuwa la kuaminika.