Kabla ya kujaza mitungi: vifaa na mali ya duka jipya la pipi

Karibu kila anayeniomba ushauri wa kufungua duka la pipi huanza na mitungi: ya kioo au ya plastiki, mingapi, ipangwe vipi. Mimi huanza na hewa. Pipi ngumu ikitoka kiwandani huwa na maji kidogo mno, kiasi cha asilimia 1 hadi 3, na sukari ni kitu kinachopenda maji. Iache wazi kwenye hewa yenye unyevu, ngozi yake italainika, itanata, na mtungi mzima utashikana bonge moja. Mali hiyo huiuzi tena, na muuzaji wa jumla hairudishi.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipimajoto kinachopima na unyevu wa hewa. Ni kidogo na hakina gharama kubwa. Kitundike dukani kabla ya kuagiza chochote, ukisome asubuhi, mchana wa jua kali, na usiku duka likiwa limefungwa. Usomaji wa usiku ndio wengi wanaousahau. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huipandisha na kuishusha chokoleti joto kila siku, na hakuna kinachoiharibu haraka kama hicho.

Hapa kwenye chokoleti nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotelea. Siagi ya kakao, yaani mafuta yaliyomo kwenye chokoleti, huyeyuka karibu na nyuzi joto 34 za sentigredi, chini kidogo ya joto la mwili wetu, lakini huanza kulainika mapema zaidi. Ikilainika kisha ikaganda tena, mafuta hupanda juu na kuacha utando mweupe. Mteja akiuona hudhani ni ukungu. Si ukungu, wala haudhuru, ila nani atainunua? Kuna utando wa pili unaofanana nao, huu ukitokana na sukari: chokoleti baridi imetolewa kwenye friji, hewa ya joto ikaiwekea umande, maji yakayeyusha sukari ya juu, na yalipokauka zikabaki chembe. Ukitaka kujua ni upi, pitisha kidole taratibu. Utando wa mafuta ni laini na hupotea kwa joto la kidole; wa sukari hukwaruza na haung'oki. Wa kwanza unakuambia duka lina joto, wa pili unakuambia kuna unyevu, na tiba zake ni tofauti.

Ndiyo maana friji ya kawaida ya nyumbani haifai. Nyuzi 4 ni baridi kupita kiasi. Tafuta kabati la kioo linaloweza kukaa kati ya nyuzi 15 na 18, lenye taa za LED, maana taa zinazotoa joto zitayeyusha rafu ya juu huku kipimo cha chini kikikudanganya kwamba mambo ni shwari. Na katoni ikitoka kwenye ubaridi, usiifungue mpaka ilingane na joto la chumba. Tena chokoleti hunyonya harufu: isikae na pipi za mnanaa, sembuse sabuni.

Pipi laini za jeli zina tabia ya kinyume: zikiachwa wazi kwenye hewa kavu hukauka na kuwa ngumu. Hizo zinahitaji mtungi wenye mfuniko wa mpira unaobana. Muulize muuzaji jelatini, yaani kigandishi cha pipi hizo, imetoka kwa mnyama gani, na akupe jibu kwa maandishi, kwani hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe, na wateja watakuuliza. Zipo zinazotumia pektini, kigandishi kinachotoka kwenye matunda; weka angalau aina moja ya hizo.

Sasa mitungi. Chagua yenye mdomo mpana, mkono uingie hadi chini wakati wa kuosha. Kila mtungi uwe na kijiko chake cha kuchotea, kwa sababu kijiko kilichopita kwenye karanga kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mwenye mzio. Kabla ya kutupa katoni, kata lebo yake uibandike nyuma ya mtungi: viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi. Pipi ikishamiminwa, hakuna mahali pengine utakapoyapata hayo. Na usimimine mpya juu ya ya zamani. Toa yote, osha, kausha kabisa, kisha mpya itangulie chini.

Mizani iwe iliyokaguliwa na kugongwa muhuri na mamlaka ya vipimo, na ijue kuondoa uzito wa mfuko.

Kuhusu mali ya kwanza, nina msimamo mkali: agiza aina chache. Pipi ngumu na tofi zilizofungwa mojamoja ziwe sehemu kubwa, kwa kuwa zinavumilia. Chokoleti iwe kidogo mpaka uone inavyotoka. Rafu ikionekana tupu, nunua mitungi midogo, si pipi zaidi. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo andika kila mtungi ulijazwa lini na uliisha lini. Oda ya pili itoke kwenye daftari hilo, si kwa maneno ya msambazaji.

Pipi ngumu za duara zipande rafu za juu, mbali na mikono ya wadogo. Mtoto wa chini ya miaka 4 anaweza kupaliwa nazo na kuzibwa pumzi. Mzazi akikuomba umpimie mtoto wa umri huo, mwambie waziwazi, umwonyeshe kitu laini zaidi, hata kama ni cha bei ndogo.