Injini ya daraja la Stock si ile ya kiwandani

Ukisikia gari linakimbia daraja la Stock la NHRA, chama cha mbio fupi za magari za mstari ulionyooka Marekani, utadhani limetolewa yadi likapelekwa moja kwa moja mstarini. Thubutu! Taa ikiwaka kijani, magurudumu ya mbele yako hewani.

Siri kubwa ni kamshafti, ule mtaimbo wenye nundu zinazofungua valvu, yaani vilango vya hewa vya injini. Kanuni zimefunga kimo: valvu isiinuke kupita kipimo cha kiwanda. Muda wa kukaa wazi haukufungwa. Basi fundi huchonga nundu inayoinua valvu upesi, ikabaki juu kitambo, ikashuka ghafla. Springi laini za kurudisha valvu hapo haziwezi, na ngumu zinaruhusiwa. Kutanua njia za hewa kwenye silinda hedi? Marufuku.

Na kwa kuwa gari hupangiwa kundi kwa uzito wake na nguvu iliyokadiriwa, wajanja huanza kwa kusaka injini ambayo NHRA imeikadiria nguvu za farasi chache kuliko ilizonazo.